Majuma Manane ya Mwanafunzi Katika Kazi ya Majenzi

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi katika siku za Jubilei



Tumeombwa kusema habari ya vijana wetu wanaojifunza kazi ya majenzi katika vyuo, na hasa habari ya majuma yale ambayo chuo huwatoa darasani na kuwapeleka mahali pa kazi. Labda wengine mtashangaa kwamba kamati imetuchagua sisi, walimu wa dini, tuseme mambo ya saruji na nondo. Ni kweli, sisi si wahandisi. Walakini vijana hao wametoka mikononi mwetu, nauli zao zimetoka katika mifuko yenu, na mambo yaliyowapata tumeyasikia kwao wenyewe. Tena kila nyumba tunayokusanyika ndani yake, iwe shule au zahanati, imejengwa na watu wa namna hii, na zile zitakazojengwa baada yetu zitajengwa nao. Haifai basi tusijue jinsi wanavyofundishwa.

Zamani mtu alijifunza kujenga kwa kumfuata fundi. Huko pwani kijana alikaa na fundi wake miaka mingi: akachukua mawe ya matumbawe, akapanga tanuru ya chokaa, akajua kwa mikono yake kwamba chumba hakiwezi kuwa kipana kupita boriti ya mkoko itakavyofika, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Unguja na Lamu ni virefu na vyembamba. Hakuna aliyempa cheti. Cheti chake kilikuwa ukuta uliosimama. Baadaye misheni nazo zikaweka karakana zao. Peramiho, mahali walipofika wamonaki Wabenedikto mwaka 1898, waashi na maseremala wengi wamefundishwa. Kisha vikaja vyuo vikubwa. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957, nacho tangu mwaka 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wahandisi walianza kufundishwa mwaka 1973. Na sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyoleta vyuo vya VETA, ni ya mwaka 1994.

Basi kijana wa siku hizi huanza na kitabu, na fundi humwona baadaye. Hapo pana hatari yake. Mtu aweza kujua kwa hesabu uzito ambao boriti itauchukua, na asijue jinsi nondo zinavyofungwa kwa waya wakati jua ni kali na vidole vimechubuka. Kwa hiyo vyuo vimeweka sharti kwamba mwanafunzi asimalize masomo bila kwenda mahali pa kazi majuma kadhaa, na vyuo vingine hutaka hivyo kila mwaka. Wanafunzi wenyewe huyaita majuma hayo fildi. Kila mmoja hupewa daftari. Kila siku huandika aliyoyaona na aliyoyafanya, huchora mchoro, na mwisho wa juma msimamizi wa kazi hutia sahihi yake chini. Mwalimu wa chuo huja mara moja au mbili kumwangalia. Mkumbuke habari ya sahihi hiyo, maana bila sahihi majuma yake ni kama hayakuwako.

Hata akiisha kupata shahada kujifunza kwake hakujaisha. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina utaratibu wa kuwaweka wahandisi wapya miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kuwasajili kwa ukamilifu. Twasema haya ili mzazi asinung'unike akisikia kwamba mtoto wake, baada ya kusoma sana, bado anachukua timazi nyuma ya mtu mwingine.

Sasa tuwasimulie habari za binti mmoja wa mitaa yetu. Ametupa ruhusa, ila hakutaka jina lake litajwe, wala mji ule, wala wenye kazi ile, nasi twashika neno lake. Alikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi, na fildi yake ilikuwa ya majuma manane.

Kupata mahali penyewe ilikuwa kazi. Chuo humpa mwanafunzi barua tu, naye huizungusha kutoka ofisi hata ofisi. Mahali pengi walimwambia nafasi zimejaa. Mahali pengine hawakuifungua barua. Mwisho alipokewa katika kazi ya nyumba ya ghorofa, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Mshahara hakuna. Chakula, nauli, kofia ngumu, na viatu vile vyenye chuma mbele, vyote ni juu yake. Mtakumbuka kwamba siku moja baada ya misa tulisimama mlangoni na bakuli. Viatu vile ni vyenu.

Nyapara wa kazi aliitazama kofia yake mpya, akasema kwamba hapa mwanamke hana kazi ila kupika au kuhesabu. Hakuyasema kwa ukali; aliyasema kama mtu asemavyo kwamba mvua hainyeshi mwezi wa Agosti. Hata hivyo majuma mawili ya kwanza alimwacha afuatane na fundi mmoja mzee, Mzee huyo akiwa hana msaidizi siku zile, na katika majuma hayo mawili binti alijifunza mambo mengi kuliko tunavyoweza kuwaeleza.

Jambo la kwanza lilikuwa pembe. Chuoni walimfundisha kupima pembe mraba kwa chombo chenye kioo, kisimamacho juu ya miguu mitatu. Mzee yule hakuwa nacho. Alichukua uzi, akapima mita 3 upande huu, mita 4 upande huu, kisha akavuta kamba toka ncha hata ncha. Ikifika mita 5 kamili, pembe ni sawa. Isipofika, au ikipita, husogeza kigingi. Mzee hakujua kwamba jambo hilo lina jina la Mgiriki katika vitabu vya shule, wala hakuhitaji kujua. Binti alijua jina, asijue kuvuta kamba. La pili lilikuwa usawa. Walitaka alama zote za sakafu ziwe kimo kimoja kuzunguka jengo zima, hata mahali ambapo ukuta unazuia macho. Mzee alileta mpira mwembamba unaopenya nuru, akautia maji, akashika ncha moja na kumpa binti ncha nyingine, akamtuma upande wa pili wa ukuta. Maji yalipotulia, walipiga alama. Binti alitupigia simu jioni ile akasema, "Mwalimu, nilisoma kitabuni kwamba maji hutafuta usawa. Leo nimeyaona yakifanya kazi hiyo." Sisi tuliosomesha watoto maneno hayohayo miaka mingi, tulinyamaza kidogo.

Alijifunza tena kupinda ringi, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozunguka nondo za nguzo kama mikanda. Ukitazama waona ni vitu vidogo visivyo na maana. Walakini nondo ndefu ikibanwa na uzito hutaka kujipinda itokee nje, na ringi ndizo zinazoishika. Kwa hiyo ncha zake sharti zipindwe ndani kabisa, ndani ya kiini cha nguzo, zisiachwe wazi. Na kati ya chuma na mbao za sanduku huwekwa vitofali vidogo vya saruji, ili zege lipite na kukifunika chuma pande zote. Chuma kisichofunikwa hushika kutu, kutu hufura, na zege hupasuka toka ndani. Katika miji ya pwani, hasa mahali ambapo watu hujengea mchanga wa ufukoni wenye chumvi, mmeona dari zinazomeguka vipande na kuonyesha vyuma vyekundu. Sababu ni hiyo.

Juma la tatu mlinzi wa ghala alifiwa, akaenda kwao, na nyapara akamweka binti mahali pake. Basi alikaa mlangoni pa chumba cha bati, kitabu cha ghala magotini, akiandika kila mfuko wa saruji unaoingia na unaotoka. Alihuzunika, akadhani fildi yake imekwisha. Kwa kweli ndipo ilipoanza.

Juma lile walimimina nguzo za chini, nguzo kumi na mbili. Kwa siku mbili binti aliona mifuko 18 ikibebwa kwenda kwenye mashine ya kuchanganyia. Jioni ya siku ya pili gari dogo likaja, mifuko 8 ikapakiwa, nayo ikaondoka. Nyapara akamwambia, "Andika mifuko 26 imekwenda kwenye nguzo." Binti alisema ataandika asubuhi kwa kuwa kalamu imekwisha wino. Usiku akatupigia simu.

Tulikuwa kwenye nyumba ya walimu, tumekaa watu watano, tukipanga mambo ya mafundisho. Tuliweka simu mezani ili wote wasikie. Swali lake la kwanza halikuwa aandike au asiandike. Alisema, "Nataka kujua, mifuko 18 yatosha nguzo zile, au haitoshi?" Nasi twaona alijua kupanga maneno. Maana kama 18 yatosha, mtu amemwibia mwenye nyumba mali yake, na hayo ni mambo ya polisi na tajiri. Kama haitoshi, basi walioibiwa ni wale watakaolala juu ya nguzo hizo.

Mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la saba alisimama akachukua chaki. Binti alimsomea vipimo toka kwenye mchoro. Kila nguzo ni sentimita 30 kwa sentimita 30, na kimo chake mita 3. Yaani mita za ujazo 0.27. Nguzo kumi na mbili ni mita za ujazo 3.24. Mchanganyo ulioandikwa ni saruji fungu 1, mchanga mafungu 1½, kokoto mafungu 3, na zege la namna hiyo hula yapata mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Mara 8 ni 25.92. Tulitazama ubao kwa muda. Aliyetaka iandikwe 26 aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi.

Binti akaongeza neno jingine. Mchanganyo ulikuwa mgumu, haukushuka vema kati ya nondo, basi vibarua waliufungulia mpira wa maji mpaka ukawa kama uji. Hapa yatupasa kueleza kidogo, kwa sababu jambo hili hufanyika hata katika nyumba zetu wenyewe, na wanaolifanya hudhani ni la heri. Saruji haikauki kama tope likaukavyo juani. Inaungana na maji na kugeuka jiwe, na kwa kuungana huko hutaka maji machache, yapata robo ya uzito wake. Maji mengine tunayotia ni ya kulainisha kazi tu. Hayo baadaye hutoka na kuacha matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 za maji ni kiasi cha kawaida, pamoja na unyevu uliomo katika mchanga. Ukiongeza ndoo moja ya lita 20, nguvu ya zege hushuka hata nusu au chini ya hapo. Mmarekani Duff Abrams, aliyefanya majaribio mengi huko Chicago, ndiye aliyeionyesha kanuni hiyo mwaka 1918. Zaidi ya miaka mia imepita, na mpira wa maji bado unafunguliwa.

Ndipo tukaanza kubishana. Mzee mmoja kati yetu, mtu mwema, alisema binti aandike 26 na kunyamaza. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Sahihi ya daftari iko mkononi mwa nyapara. Baba yake binti ameuza mbuzi kwa ajili ya ada. Yeye ni mgeni katika mji ule, amepanga chumba peke yake, na mtu anayeiba saruji usiku hatujui aweza kufanya nini tena. Mwingine alisema aandike 26, kisha akimaliza chuo na kuwa mtu mkubwa ndipo aseme. Tulimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho.

Mwenzetu wa nne alikuwa amekaa Dar es Salaam zamani. Alikumbusha habari ya tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka, wakafa watu 36. Huruma, mjini Nairobi, nyumba ya kupanga ilianguka tarehe 29 Aprili 2016, wakafa watu yapata 50. Na Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka asubuhi watu wakiwa madukani, na zaidi ya 20 walikufa. Sababu za maanguko hayo si moja, nasi hatusemi kwamba yote yalitokana na saruji kidogo. Alichosema mwenzetu ni kwamba katika kila jengo la namna hiyo huwapo watu walioona jambo siku fulani wakiwa kazini, wakarudi nyumbani kula.

Methali ile ya ufa na ukuta mnaijua. Hata yule mzee aliyetaka tunyamaze aliianza mwenyewe, kisha akaiacha katikati.

Tulimpa binti shauri hili. Asiandike 26. Asiandike jina la mtu, wala neno la wizi, maana neno hilo ni la hakimu. Aandike yale ambayo macho yake yameyaona: mifuko 18 kwenda kwenye mashine, mifuko 8 kwenda kwenye gari, na tarehe, na saa. Aandike hivyohivyo katika kitabu cha ghala na katika daftari lake. Kisha amwonyeshe mhandisi wa kazi, ambaye desturi yake ilikuwa kuja kila Alhamisi, na asingoje mpaka dari imiminwe juu ya nguzo. Tena alale kwa mama lishe anayeuza chakula kiwanjani pale, asilale peke yake. Shauri hili la mwisho lilikuwa la yule mzee, na ndilo lililokuwa la busara kuliko yote.

Habari hii ya mhandisi kuja mara moja kwa juma yatukumbusha jambo la Unguja. Wengine mmefika Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, ambapo Askofu Steere alijenga kanisa lake kubwa. Wageni huonyeshwa pale nguzo kadhaa zilizosimamishwa juu chini. Yasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Askofu akiwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Watu hucheka na kupiga picha. Lakini nguzo ya jiwe ni jiwe hata ikigeuzwa, na kosa lenyewe kila mtu aliona. Zege lililopungukiwa saruji halionekani. Likipakwa lipu na rangi, nguzo yenye mifuko 18 na nguzo yenye mifuko 26 ni ndugu mapacha.

Alhamisi mhandisi alikuja. Alisoma kitabu cha ghala amesimama, akamwuliza binti kwa hasira kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anawekwa ghalani. Kisha akaomba kuona vile vitofali vya kupimia. Ni desturi kwamba zege likimiminwa, sehemu yake kidogo hujazwa katika vibweta vya chuma vya sentimita 15 kila upande, vikawekwa majini, vingine vikavunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28. Kwa zege la nguzo zile kila kitofali chapaswa kustahimili uzito wa yapata tani 57 baada ya siku 28. Vitofali vilikuwapo, vimeandikwa tarehe vizuri. Vilipovunjwa siku ya 7 vilikuwa imara sana. Baadaye ilijulikana sababu: vilijazwa kwa mchanganyo mwingine, uliotengenezwa kando kwa ajili yao tu. Twawaeleza hili walimu, maana ni sawa na mtoto anayekuonyesha daftari la nduguye.

Mhandisi hakutosheka. Alileta nyundo maalumu yenye springi ndani; hugongwa juu ya uso wa zege, nayo huonyesha kwa namna inavyorudishwa kama zege ni gumu au ni laini. Nyundo hiyo haitoi hukumu, hutoa mashaka tu. Basi wakatoboa nguzo kwa keekee tupu katikati, wakatoa vipande vya mviringo, vikapelekwa kupimwa. Nguzo saba kati ya kumi na mbili hazikufaa. Zikavunjwa kwa nyundo kubwa, nondo zikasafishwa, zikamiminwa upya. Safari hii walipima mchanga na kokoto kwa sanduku wala si kwa toroli, na kabla ya kumimina walipima ulaini wa zege. Kipimo hicho binti alikifanya mwenyewe: pia ya bati ya kimo cha milimita 300, iliyo wazi juu na chini, hujazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likidungwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha pia huinuliwa polepole, na zege hushuka, ukipima kiasi lilichoshuka wajua kama kuna aliyefungua mpira wa maji. Alituletea mchoro wake, tukauweka ukutani darasani. Mwalimu yeyote apendaye aje auone. Pia hiyo yaweza kutengenezwa na fundi bati yeyote, mdomo wa chini upana milimita 200 na wa juu 100.

Nyapara aliondoka siku ileile ya kwanza kabla hajaulizwa. Wala tusiwafiche upande mwingine wa habari. Kazi ilisimama siku nyingi kungoja majibu, na vibarua, ambao hulipwa kutwa, walikosa riziki siku zote hizo bila kosa lao. Wale waliofungua mpira waliambiwa kufungua. Walimwona binti kuwa ndiye aliyewafungia kazi. Walipita mbele ya ghala bila kumsalimu. Mzee yule wa pembe na mpira wa maji peke yake aliendelea kumwita, akimtuma ashike uzi. Binti alilia siku hizo, alitwambia. Mlinzi wa ghala aliporudi matangani alisoma kitabu, akakifunga, akamwambia kwamba kama angekikuta na 26 ndani yake, mifuko ile 8 siku moja ingetafutwa mgongoni pake.

Mwenye nyumba hakuja kumshukuru. Alihuzunikia fedha yake, na hatumlaumu sana.

Sasa ile sahihi. Nyapara alikuwa amekwisha kutia sahihi majuma mawili ya kwanza. Juma la tatu na la nne yalibaki matupu, kwa kuwa aliondoka. Mhandisi alitia sahihi majuma manne ya mwisho kwa furaha, tena akaandika maneno mema, walakini majuma mawili yale alikataa. Alisema hakuyasimamia yeye, na mtu asitie sahihi jambo asilolisimamia. Sisi tuliposikia tulikasirika. Tukataka hata kumwandikia barua. Binti mwenyewe hakukasirika. Alisema mtu aliyevunja nguzo saba kwa sababu ya namba moja ya uongo, hawezi kumwomba aandike nyingine. Chuo nacho kilishika sheria yake: mwalimu aliyekwenda kumwangalia alisema kweli yote, wakamsifu, wakamwambia ayarudie majuma mawili hayo katika likizo ijayo juu ya yale mengine yanayompasa. Kwa hiyo likizo ijayo atafanya majuma kumi.

Majuma mawili kati ya hayo atayafanya hapa kwetu. Shule yetu, kama mjuavyo, inaongeza vyumba viwili vya madarasa, msingi umekwisha, na mhandisi wa wilaya amekubali kumsimamia na kutia sahihi kwa yale tu atakayoyaona. Atakuja mwezi wa Julai. Atahitaji mahali pa kulala, na mama mmoja wa mtaa wa chini amekwisha kujitolea. Viatu vyake vimetoboka upande wa kulia. Mweka hazina wa kamati amenunua kitabu kipya cha ghala, nacho kimewekwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Saruji iliyonunuliwa kwa sadaka zenu ni mifuko 60, imeandikwa katika ukurasa wa kwanza, na yeyote atakaye kuihesabu aje siku yoyote isipokuwa Jumapili.